Msikimbilie tabuleti, anzeni na ma-me-mi-mo-mu

Jirani yangu hapa Matulo ameniomba nimwandikie programu ya simu ya kumfundisha bintiye wa gredi ya kwanza kusoma. Mimi nala kwa kuandika programu, lakini nimemwambia angoje kwanza.

Kuna njia mbili kubwa. Moja, mtoto anakariri neno zima kwa kulitazama. Nyingine, anajifunza sauti, anaziunga kuwa silabi, kisha neno. Kwa Kiswahili sina ubishi: silabi. Irabu ni tano tu na tunaandika tunavyotamka. Mtoto akishika ma-me-mi-mo-mu atasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza sivyo, c ya "cat" si c ya "city". Ndiyo maana programu ya Kiingereza iliyotafsiriwa tu haitufai.

Halafu kuna lugha ya nyumbani. Huku kwetu kitabu ni sitabu. Mradi wa PRIMR ulijaribu kufundisha kwa Lubukusu hapa Bungoma na kwa Kikamba kule Machakos. Watoto walisoma lugha yao vizuri zaidi, ila Kiswahili na Kiingereza havikupanda kuliko kwa wenzao wa PRIMR wasiotumia lugha ya mama. Wengine wanasema basi haina maana. Mimi nasema mtoto kusoma lugha ya kukhu wake ni faida tosha.

Na mashine je? Mradi huohuo ulifanya jaribio Kisumu: kundi moja tabuleti walipewa washauri wa walimu, la pili walimu, la tatu wanafunzi wakapewa visomeo vya kielektroniki. Makundi yote yalishinda shule zisizo na mradi, lakini hakuna lililoyashinda mengine waziwazi. Sasa kwa nini ununue mashine nyingi? Tusome, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015, ilimpa kila mtoto kitabu, na tabuleti ikaenda kwa afisa anayetembelea madarasa, ikiwa na programu huria ya Tangerine ya kupima usomaji. Hapo teknolojia imekaa mahali pake.

Kwa hiyo jirani nimemchapishia ukurasa mmoja wa silabi. Dakika kumi kila jioni, mama na mtoto. Programu nitaandika baadaye, na kazi yake itakuwa moja: kumkumbusha mama saa imefika.

Ninyi mwaonaje?