KODI IKIPUNGUZWA, FEDHA ZITUMIWE AU ZIWEKWE?

Kila inaponong'onwa khabari ya kupunguzwa kodi ya mishahara, wanachama wenzetu hutujia barazani wakiuliza: kilichobakia mkononi kitumiwe au kiwekwe? Nasi huwauliza: ni kiasi gani, na kitadumu muda gani?

Natutazame kwa jirani zetu wa Kenya, ambako wengi wetu tuna watoto wafanyao kazi Mombasa. Katika Aprili 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, Serikali ya huko ilimsamehe kodi kabisa mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Kiwango cha juu nacho kiliteremshwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya bidhaa kutoka 16 hadi 14. Makusudio yalikuwa watu wanunue, biashara zisife.

Basi tupige hesabu. Mwenye 24,000 alibakiwa na kama shilingi 1,500 za huko. Mwenye 500,000 alibakiwa na zaidi ya 25,000! Yule wa kwanza, kumhubiria akiba ni kumfanyia stihizai. Zake zilikwisha katika unga na nauli, na huo si israfu. Wa pili ndiye aliyestahiki kunasihiwa aweke, kwani tarehe 1 Januari 2021 asilimia 30 ilirudi, baada ya miezi minane tu. Aliyekwisha kuchukua gari kwa mkopo alibakia na deni, na nafuu imekwenda zake. Mnyonge aliachiwa msamaha wake, lakini asilimia 16 ya bidhaa ilirudi siku ile ile, nayo humkata kila anunuapo sabuni.

Sisi wenye maduka, hatufichi, tungependa kila senti ipite juu ya meza zetu. Hata hivyo twawanasihi wanachama: nafuu ikifika, kwanza yafuteni majina yenu katika daftari la dukani. Wako waonao kuwa kulipa deni ni kutumia. Kwetu hiyo ndiyo akiba khasa, maana kodi itakaporudi, deni lililolipwa halitarudi nayo.

Na Serikali yoyote itakayotangaza nafuu ya kodi, twaitaka itaje siku hiyo hiyo nafuu hiyo itakwisha lini, ili mtu ajue kama mshahara wake umeongezeka au amekopeshwa tu.