Mtoto akiharisha, usikisie vipimo vya ORS

Mzazi, jiulize: mara ya mwisho ulipomkorogea mtoto ORS, ulipima maji kwa chombo gani? Wengi wetu hukisia. Leo vikombe viwili, kesho vitano, na wengine huigawa pakiti nusu ili nyingine ibaki akiba. Kukisia huko kunaweza kumgharimu mtoto, na sababu iko ndani ya seli zake.

Kila seli ya mwili ni kama kifuko chenye maji na chumvi, na kwa kawaida maji hufuata chumvi. Chumvi ikizidi nje ya seli, maji hutoka na seli hunywea. Ikipungua, maji huingia na seli huvimba. Ili kujilinda, seli ina vijia vidogo kwenye utando wake. Ikivimba, hufungua vijia vya potasiamu na kloraidi. Madini hayo yakitoka, maji huyafuata na seli hurudi katika ukubwa wake. Ikinywea, huingiza sodiamu na kloraidi, nayo maji hurejea.

Seli za figo zina kibarua kizito zaidi. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Ili kubana mkojo, sehemu ya ndani ya figo huweza kuwa na mkusanyiko wa chumvi na urea hata mara nne ya ule wa damu. Kuishi humo kunahitaji nguvu na oksijeni. Mtoto akiharisha sana bila kurudishiwa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, seli hukosa nguvu ya kusukuma chumvi, huvimba na zinaweza kufa.

Ndiyo maana ORS ina vipimo. Ikiwa nyepesi mno, au mtoto akipewa maji matupu mengi, sodiamu katika damu inaweza kushuka, seli za ubongo zikavimba na mtoto akapata degedege. Ikiwa nzito mno, seli hunywea. Seli hujirekebisha, lakini huhitaji muda.

Kwa hiyo, soma pakiti. Iliyoandikwa lita moja ikorogwe yote kwa lita moja kamili ya maji safi na salama. Chupa ya maji ya lita moja ni kipimo kizuri. Usiongeze sukari wala chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Mpe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa. Usimpe diklofenaki au ibuprofeni bila ushauri wa daktari, kwani hupunguza damu inayoingia kwenye figo.

Mwahishe kituo cha afya akiwa amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo au amekaa saa sita bila kukojoa.

Nanyi wahudumu wa afya na wauza dawa, kumkabidhi mama pakiti na kumwambia “kamkorogee” hakutoshi. Mwonyesheni lita moja ni ipi. Ni kazi ya dakika mbili, nayo inaweza kuokoa figo na uhai wa mtoto.