Gari la Kifahari na Mteremko wa Nithi

Vijana wetu wafanyao kazi Embu na Meru hulitamani sana gari la Toyota Mark X. Leo tulipime kwa haki.

Sifa zake hatuzikani: injini ya silinda 6, lita 2.5, yenye nguvu na utulivu. Viti vya starehe. Na bei iliyo chini ya magari ya Ulaya ya daraja lake. Kasoro zake nazo tusizifiche: hunywa mafuta, tumbo lake li karibu na ardhi, halifai njia za matope za mashambani, na kwa kuwa uundaji wake ulikoma mwaka 2019, kila lipatikanalo ni la mkono wa pili.

Lililo zito zaidi ni mwendo. Kati ya Chuka na Meru upo mteremko wa daraja la Nithi. Hapo, Julai 2022, basi lililokuwa likija Mombasa lilitumbukia mtoni, wakafa watu zaidi ya 30. Mteremko ule hauheshimu injini.

Wazazi, shauri letu ni hili: kijana mwenye fedha taslimu isiyo na riba, na subira ya kwenda polepole, na anunue. Aliyekosa mojawapo na angoje. Roho ni amana.