Ngozi Iliyobadilika Si Uchawi

Tuseme jirani yako hapa Kigwa ana saratani. Amekwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ametundikiwa dripu ya dawa. Sasa yuko nyumbani, anangoja zamu nyingine, pengine baada ya wiki tatu.

Unamwona kucha zimekuwa nyeusi. Nywele zimenyonyoka. Viganja vinauma na kubambuka. Watu wananong'ona: "Huyu karogwa." Wengine hawataki kula naye.

Nasema wazi: maneno hayo ni ya hatari. Mgonjwa akiyasikia anaweza kuacha dawa, na saratani itapata nafasi ya kuenea.

Dawa hizi hushambulia chembe za mwili zinazokua upesi. Saratani hukua upesi. Lakini nywele, kucha na ngozi nazo hukua upesi. Ni kama kupalilia tumbaku. Jembe hukata magugu, lakini mara nyingine hugusa mche. Dawa moja, bleomisini, huweza kuacha michirizi myeusi mgongoni kama alama za fimbo. Hakuna shetani aliyemchapa. Ni dawa. Wala hali hii haiambukizi. Dawa zikiisha, kwa kawaida nywele huota tena, na weusi wa kucha hupungua polepole.

Mgonjwa afanye nini? Juani avae kofia na nguo ya mikono mirefu. Ajipake mafuta laini yasiyo na manukato. Asichanjwe chale, wala asipake mkorogo. Viganja vikiuma, asishike jembe.

Yako mambo yasiyongoja. Dripu ikichoma kama moto, amwambie muuguzi papo hapo. Baadhi ya dawa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Akiwa nyumbani, ngozi ikitoka malengelenge au homa ikipanda, aende hospitali siku ile ile. Aseme kwamba anatumia dawa za saratani.

Zamani wapagazi wa misafara kutoka pwani walipita Kigwa wakienda Tabora. Bega likichoka, mzigo ulihamia bega la pili, safari ikaendelea. Mgonjwa naye asiishie njiani. Amweleze daktari, maana daktari anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha. Nasi majirani tumpokee mzigo. Tule naye, tumlimie shamba, tumchangie nauli ya zamu ijayo.