Mchukuzi wa Montreal na Mwanawe



Juzi baba mmoja alinijia shuleni, uso umemkunjamana. Mwanawe, mwenye miaka kumi na minne, ataka kuyaacha masomo apate kupiga gitaa. Akaniuliza, "Mwalimu, nimchape fimbo, ama nimwache aende zake?" Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia habari za baba mwingine, wa nchi ya Kanada, aliyeletewa neno lile lile na mwanawe. Nanyi pia nawasimulia, kwa kuwa jambo hili huzigusa nyumba nyingi.

Baba huyo aliitwa Daniel Peterson. Alizaliwa katika visiwa vya Karibi, akawa baharia, kisha akahamia mji wa Montreal. Huko akapata kazi ya uchukuzi katika magari ya moshi. Katika mtaa wa Little Burgundy, alimokaa, wanaume weusi wengi walikuwa na kazi hiyo: kubeba mizigo ya abiria, kuwatandikia vitanda, kung'arisha viatu vyao, na kulala siku nyingi mbali na jamaa zao. Mkewe, Olive, alikuwa mpishi na mtumishi katika nyumba za watu. Mali hawakuwa nayo, lakini piano walikuwa nayo. Daniel alikuwa amejifundisha kinanda mwenyewe, naye akataka watoto wake wote watano wajifunze muziki. Kila aliposafiri aliwaachia zoezi; kila aliporudi alilidai. Ole wake aliyecheza tu!

Mmoja wao ni Oscar, aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 1925. Yeye alianza kwa tarumbeta. Alipokuwa na miaka 7 akashikwa na kifua kikuu, akalazwa hospitalini zaidi ya mwaka mzima. Ugonjwa huo huo ulimwua kaka yake Fred, aliyekuwa hodari wa piano, angali kijana. Oscar alipona, lakini kifua chake hakikuweza tena kupuliza tarumbeta. Ndipo akaishika piano kwa moyo wote.

Mwalimu wake wa nyumbani alikuwa dada yake, Daisy. Baadaye alifundishwa na Paul de Marky, Mhungaria, ambaye mwalimu wake alikuwa mwanafunzi wa Franz Liszt mwenyewe. Kijana akaendelea mno, hata akaanza kujivuna. Baba yake hakumkemea. Alimletea sahani ya santuri ya Art Tatum, Mmarekani mweusi aliyekuwa karibu kipofu. Oscar alidhani ni watu wawili wanaopiga. Alipoambiwa ni mmoja, alilia, na kwa majuma kadhaa hakuigusa piano. Kiburi kilikwisha, kazi ikaanza.

Mwaka 1940, akiwa na miaka 14, alishinda mashindano ya redio ya taifa ya Kanada. Sasa akamwomba baba yake ruhusa ya kuacha shule. Daniel alimjibu kwamba hatamruhusu awe mpiga piano tu. Akitaka kutoka, sharti awe wa kwanza kabisa, maana wa pili hana nafasi. Mchukuzi alijua asemalo: mtu mweusi katika nchi ile hakupewa kitu kwa upendeleo. Hata Oscar alipoingia katika bendi ya Johnny Holmes, yeye peke yake akiwa mweusi, hoteli moja kubwa ilimkataa. Holmes akatisha kulitangaza jambo hilo magazetini, na hoteli ikanywea.

Mwaka 1949 Norman Granz, mtayarishaji wa maonyesho kutoka Marekani, alikuwa ndani ya teksi akienda uwanja wa ndege wa Montreal. Akasikia piano katika redio, akadhani ni sahani. Dereva akamwambia kuwa kijana huyo yupo mjini, anapiga wakati ule ule. Teksi ikageuzwa. Septemba ya mwaka ule ule Oscar akapiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Tangu hapo dunia ikamjua. Mwaka 1962 alitunga "Hymn to Freedom", wimbo uliopendwa na waliopigania haki za watu weusi. Mwaka 1993 kiharusi kiliudhoofisha mkono wake wa kushoto. Akajifunza upya, akarudi jukwaani. Alifariki tarehe 23 Desemba 2007.

Lakini tusimsahau Daisy. Yeye alibaki Montreal, akafundisha watoto wa watu. Katika hao alikuwamo Oliver Jones, aliyezaliwa mwaka 1934 katika mtaa ule ule, akapiga piano kanisani mbele ya watu akiwa na miaka mitano. Jones aliishi miaka mingi Puerto Rico akiongoza muziki wa bendi. Aliporudi Montreal mwaka 1980 ndipo sifa zake zilipoenea, akikaribia miaka hamsini. Kumbe si kila embe huiva msimu mmoja! Mwaka 2004 yeye na Oscar walipiga pamoja katika tamasha la jazi la mji wao. Daisy alifariki mwaka 2017, mwenye miaka 97. Wengi waliowapigia makofi wanafunzi wake hawakulijua jina lake.

Hapo nikamwambia yule baba: "Daniel hakutumia fimbo kumzuia mwanawe, wala hakumwacha aende ovyo. Alimwekea sharti, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kulitimiza sharti lake: miaka mingi, akitoka safarini amechoka, alikaa akasikiliza zoezi la kila mtoto. Kwa hiyo alipoulizwa, alijua ajibu nini. Je, wewe baba, mwanao anapiga gitaa vizuri?"

Akanyamaza kitambo, akainamisha kichwa.

"Mwalimu," akasema, "sijapata kumsikiliza hata siku moja."

Basi, wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kuanzia.