Msee akifia seli, tuambiwe siku hiyo hiyo

Uliza msee yeyote wa Kayole, Dandora ama Mathare: ni watu wangapi walifia mikononi mwa polisi mwaka jana? Atakutajia wa mtaa wake, labda na mmoja wa mtaa jirani, halafu atanyamaza. Jumla hana. Wewe pia huna. Serikali inayojua kila laini ya simu uliyosajili haina mahali pa wazi unapoweza kusoma, mwezi kwa mwezi, ni nani aliingia seli akitembea akatoka akiwa maiti.

Kumbuka Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay akaletwa hadi Central hapa Nairobi. Kufikia tarehe 8 alikuwa amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulioongozwa na Dkt Bernard Midia ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na mwili uliojaa alama. Hayo si mambo mtu anajifanyia. Siku chache baadaye, Inspekta Jenerali Douglas Kanja alikuwa mbele ya Seneti akiomba radhi kwa maelezo yale ya kwanza.

Ni kwenye vikao hivyo ndiyo tukasikia hesabu. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliwaambia maseneta kwamba watu 20 walikuwa wamefia mikononi mwa polisi kwa muda wa miezi minne. Ishirini! Hebu jaribu kutaja majina ya watano. Huwezi, na si kosa lako. Ojwang tulimjua kwa sababu watu walipiga kelele mtandaoni usiku na mchana. Kijana wa kuuza maji Huruma hana wafuasi. Akifa seli, anayejua ni mama yake na mhudumu wa mochari.

Na bila rekodi ya wazi, maelezo ya kituo ndiyo yanabaki kuwa ukweli. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa wakati wa kafyu wakapatikana mochari. Polisi walisema walijirusha kutoka kwa gari lililokuwa likienda. Septemba 2025, Simon Warui, aliyetoweka Umoja, alifia kituo cha Central, Mombasa. Polisi walisema alianguka. Mmoja alijigonga, wengine walijirusha, mwingine alianguka. Tusipowekewa visa hivi pamoja, kila familia itadhani ni mkosi wake peke yake.

Sisemi kila karao ni muuaji. Kuna wanaokufa seli kwa ugonjwa, na kuna wanaojitoa uhai. Lakini askari aliyefanya kazi yake vizuri ndiye angefaa kuwa wa kwanza kudai rekodi ya wazi, kwa sababu ndiyo itakayomsafisha.

Tena sheria hatukosi. Sheria ya IPOA inataka vifo vya aina hii vichunguzwe. Kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka hakimu achunguze mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani. Mwaka wa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, ili polisi wasijichunguze wenyewe. Ojwang alipokufa, miaka minane baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado iko kwa karatasi. Na usisahau IPOA ni ya polisi tu. Msee wetu akifia rimandi ya Industrial Area, yuko nje ya mikono yao.

Hata Marekani ina sheria ya kutaka majimbo yaripoti vifo hivi, lakini mwaka wa 2022 Seneti yao iligundua karibu vifo 990 vya mwaka wa 2021 havikuwa vimehesabiwa. Sheria isiyo na mtu wa kuisukuma hulala.

Kwa hivyo tunadai jambo moja rahisi. Kila mtu akifia seli ama gerezani, Wizara ya Usalama wa Ndani itangaze ndani ya saa 24: jina familia ikishaarifiwa, kituo, saa aliyoshikwa, saa aliyokufa, na nani anachunguza. Iwekwe mtandaoni, mtu yeyote asome bila kuomba ruhusa. Matokeo ya upasuaji yakitoka, yaongezwe hapo hapo. Hiyo haihitaji bajeti ya kutisha. OB iko kila kituo na kila kifo tayari kinaandikwa mahali. Kinachokosekana ni nia ya kutuonyesha.

Na wewe, usingoje wizara. Beshte yako akishikwa leo usiku, uliza anapelekwa kituo gani na uandike saa. Nenda asubuhi mkiwa wawili ama watatu, muulizie nambari ya OB. Katiba, kifungu cha 49, inasema afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha, ama siku ya kwanza ya korti ikiwa saa hizo zimeangukia wikendi. Ukizungushwa, piga IPOA, 1559, ni bure. Kituo kikijua kuna mtu nje anayehesabu masaa, aliye ndani ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani.