Apareyi ya macho mawili: musiuzishe sanduku lote

Mwezi huu tuzungumuze juu ya kitu ambacho katika nyumba zingine kingali kinalala juu ya kabati, ndani ya mufuko wa ngozi: apareyi ya foto ya zamani. Kuna watu wanaozitafuta, na wanazilipia feza. Mbele ya kuwajibu, inafaa mujue muko na kitu gani mukononi.

Moja inayotafutwa sana ni Rolleiflex. Mutaitambua upesi. Iko kama kisanduku kilichosimama, na mbele iko na macho mawili, moja juu ya lingine. Jicho la juu ni la kuangalia, jicho la chini ndilo linapiga foto. Mwenye kupiga haiweki usoni. Anaishika mbele ya kifua, anafungua kifuniko cha juu, anainama na kuangalia ndani. Pale anaona picha juu ya kioo, lakini kuume kumegeuka kushoto: mutoto akikimbia kuelekea kuume, kwenye kioo anakimbia kuelekea kushoto. Ndiyo maana wenye kuanza wanachanganyikiwa.

Inatoka Ujerumani, katika muji wa Braunschweig. Paul Franke na Reinhold Heidecke walianzisha kiwanda chao mwaka wa 1920, na Rolleiflex ya kwanza ikatoka mwaka wa 1929. Wakusanyaji wanapenda sana zile za kisha vita ya pili ya dunia, kama vile 3.5F ya mwaka wa 1958 na 2.8F ya mwaka wa 1960. Kwa kupiga foto haiombi batri wala umeme. Ni vyuma vidogo na vioo vilivyopangwa vizuri. Ukizungusha mukono wake wa pembeni, filimu inasogea na apareyi iko tayari. Filimu moja inatoa foto 12 tu, kila moja ya sentimetre 6 kwa 6. Ninyi vijana munaopiga foto mia moja kwa siku na telefone, muwaze kidogo: mutu mwenye nafasi 12 alipanga watu kwanza, akaangalia mwangaza, kiisha akapiga.

Angalieni jina, juu ya lile jicho la kuangalia. Kisha vita, viwanda vingi vilifuata umbo lile: Yashica na Minolta za Japani, Lubitel ya Umoja wa Sovieti, Seagull ya China. Zinapiga foto vilevile, lakini bei haiko moja. Hata Rolleicord, inayotoka kiwanda kile kile cha Braunschweig, ni ya bei ya chini kuliko Rolleiflex. Mutu asiwadanganye kwa kuinua bei ao kwa kuishusha.

Sasa mupime hali yake. Muangalie ndani ya jicho la chini na taa: kama munaona ukungu mweupe unaotambaa kama nyuzi za buibui, bei inaanguka. Kiisha muweke mwendo wa 1, mupige, na musikilize. Inapaswa kufungua na kufunga ndani ya sekunde moja. Ikikawia sana ao ikibaki wazi, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyokauka. Musitie mafuta ya kupikia wala ya mashini ya kushona, mutaiharibu kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi. Wala musiifungie miaka mingi ndani ya mufuko wake wa ngozi, zaidi wakati wa mvua, kwa sababu ngozi inashika unyevu na ukungu unazaliwa humo.

Na musifungue mugongo wake haraka. Huenda filimu ya muzee ingali ndani, haijasafishwa. Mwangaza ukiingia, imekwisha.

Hapa tunafika kwenye jambo kubwa. Mwanamuke mumoja wa Marekani, Vivian Maier, aliyezaliwa New York mwaka wa 1926, alilea watoto wa watu katika Chicago kwa miaka karibu 40. Alitembea katika barabara za muji na Rolleiflex shingoni. Alipiga foto zaidi ya 100,000, na karibu hakuna mutu aliyeonyeshwa. Vitu vyake aliviweka katika depo ya kulipia. Katika uzee akashindwa kulipa, na mwaka wa 2007 masanduku yake yakauzishwa kwa munada. Kijana mumoja, John Maloof, alinunua sanduku la negatifu kwa dola karibu 400. Maier akafa mwaka wa 2009. Leo foto zake zimeonyeshwa katika inchi nyingi na kuchapwa katika vitabu, lakini yeye hakuona hata kimoja.

Na hapa kwetu? Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi za wakati wa ukoloni, akaziweka juu ya foto mupya za viwanda vilivyoachwa. Kazi ile ya mwaka wa 2006 inaitwa Mémoire. Ukiiangalia unaona namna foto ya zamani ingali na neno la kusema. Lakini kampuni ilipiga mambo yake: watu kazini, mashini, watu katika mustari. Ndoa ya nyanya yako, timu ya mupira ya kambi, mutoto wa kwanza mbele ya mulango: kama hizo hazimo katika sanduku lenu, haziko fasi ingine.

Sisemi musiuzishe apareyi. Kama mutoto anangojea minervali, na mutu analeta bei nzuri, muuzishe, na muzee akubali kwanza. Lakini munuzi akisema «nipe na sanduku lote, ni makaratasi tu», mukatae. Apareyi kama ile iliundwa kwa maelfu. Negatifu ya ndoa ile iko moja tu.

Kwa hiyo mutoe negatifu na foto, muziweke katika bahasha safi za karatasi, mbali na unyevu na jua. Kiisha mutoto anayejua kuandika akae karibu na muzee, aulize foto moja moja: huyu ni nani? Ni wapi? Mwaka gani? Aandike nyuma na kreyo, pole pole, si na biki, kwa sababu wino unapenya na biki inachora uso wa foto. Muanze na zile ambazo muzee peke yake anajua majina yake. Yeye akienda, hakuna tena wa kuuliza.